Stika tunayo, majibu ya ukaguzi yako wapi?

Mhariri, naomba nafasi kidogo niongelee ukaguzi wa magari wa kila mwaka, hasa haya magari yetu yaliyotumika ya miaka mingi ambayo ndo wengi tunaweza kuyanunua.

Mimi natumia Toyota IST ya mwaka 2004, namba D. Nilinunua kwa mtu hapahapa Dar, na kilichonipa moyo kuliko vyote ilikuwa ile stika ya ukaguzi kwenye kioo cha mbele, mpya kabisa, bima ipo, rangi inang'aa, injini imeoshwa. Nikasema gari imekaguliwa juzi tu hii, wasiwasi wa nini. Wiki ya pili naenda Morogoro na wanangu 2 wamekaa nyuma, nimepita Vigwaza nikaanza kusikia mbele kushoto kunagonga kila nikipanda rasta, na nikishika breki usukani unavuta upande. Nikajikongoja mpaka Chalinze nikaingia gereji. Kijana akapiga jeki, hakufungua hata nati moja, akashika tairi juu na chini akalitikisa, likacheza kama jino la mtoto linalotaka kung'oka. Boljointi, kile kiungo cha chini kinachoshikilia mguu wa tairi na kuuacha ugeuke. Akaniita niiname nione mwenyewe, raba yake imechanika, grisi yote imeshatoka, kumebaki vumbi na kutu. Akaniambia "dada, hii ikichomoka ukiwa spidi tairi linalala, gari huishiki tena." Nikawaangalia watoto wangu wanakula mahindi pale kwenye benchi, miguu ikaniisha nguvu.

Sasa boljointi haifiki hali ile kwa wiki mbili. Siku stika inabandikwa ilikuwa hivohivo imekufa. Simtaji mtu wala kituo, sikuwepo, lakini kitu ambacho kijana wa Chalinze amekiona kwa dakika moja bila kifaa chochote zaidi ya jeki, mkaguzi naye angekiona kama gari ingenyanyuliwa.

Wengi wanasema tatizo ni uzee wa gari. Mimi sikubali. Mjomba wangu ana Corolla 110 ya mwaka 1998, watoto wa mtaani wanaiita mkweche, na kila mwaka inapita mara ya kwanza. Siri yake naijua kwa sababu nimemwona akifanya: wiki kama tatu kabla anaipeleka kwa fundi wake inanyanyuliwa, wanatikisa matairi yote manne, wanaangalia bushi (zile raba za kwenye viungo vya chini), shokapu, tairodi, mabomba ya breki, halafu usiku anaipaki imeelekea ukutani anawasha full, dimu, indiketa, anamwita binti yake asimame nyuma amwambie kama taa za breki zinawaka zote na ile ya namba pia. Gari ya zamani mara nyingi inafeli kwa vitu vya namna hii, taa, tairi kipara, waipa zilizokauka, breki inayoshika upande mmoja, sio kwa sababu injini imechoka. Na kinyume chake pia ni kweli, gari inaweza kupita ukaguzi vizuri tu huku gia boksi iko hoi, kwa hiyo anayenunua asifikiri stika inamwambia habari ya injini.

Mdogo wangu anaishi Leicester, Uingereza. Mwaka jana alitaka kununua Yaris ya 2008, akanipigia video akanionyesha, aliingiza namba ya gari tu kwenye simu, bure, ikaja historia yote ya ukaguzi, mwaka gani ilipita, mwaka gani ilifeli na ilifelishwa na nini, na kila mara kilometa (wao wanatumia maili) zilikuwa ngapi. Kule ukaguzi wanauita MOT, ulianza 1960 kwa magari ya miaka 10 na kuendelea, siku hizi gari ikitimiza miaka 3 inaanza kukaguliwa kila mwaka, na ada ya gari ndogo haitakiwi kuzidi pauni 54.85. Mkaguzi naye hafungui kitu, anatazama, anashika, anatikisa, anapima breki kwenye rola. Yaani kazi ileile ya kijana wa Chalinze! Tofauti ni kwamba majibu yanaandikwa. Kasoro inatajwa kama ni ya hatari, kubwa au ndogo, na kuna angalizo, kwamba hiki hakijafeli ila kinaelekea huko, kiangalie. Yaris ile ilipewa angalizo la bushi za mbele miaka miwili mfululizo, mdogo wangu akamshusha muuzaji bei.

Mimi hilo ndo naliomba. Kwa namba ya gari kwenye simu tunaangalia kama inadaiwa faini za trafiki, sasa kwa nini kwa namba ileile nisione mwaka jana mkaguzi aliandika nini kuhusu breki zake? Bandarini tunalipa ushuru wa uchakavu kwa sababu gari ni ya zamani, kwa hiyo serikali umri wake inaujua tangu siku inashuka melini. Na hawa wanaorudisha kilometa nyuma watapata wapi ujasiri kama kila mwaka zimeandikwa mahali?

Najua kuna watakaosema ukaguzi ukiwa mkali maskini watabaki bila usafiri. Mimi boljointi zote mbili pamoja na ufundi haikufika laki. Kinachomuumiza mtu wa hali ya chini ni kuuziwa kitu asichoambiwa kikoje, akaja kujua akiwa Vigwaza na watoto nyuma.

IST yangu inakaguliwa tena mwezi ujao. Nina daftari dogo kwenye droo ya dashibodi, naandika kila kinachobadilishwa, tarehe na kilometa. Siku nikiiuza, atakayeinunua nitampa na daftari.

Msomaji wako,
Kibaha