Kabla ya kumlaumu dereva, pimeni tela

Mhariri,

Nimefurahi kuona gazeti lenu limeandika juu ya matela yanayobeba vifaa vya kambi za watalii na kuyumba barabarani, maana ni jambo linalosemwa gereji tu. Lakini ushauri mkuu wa makala ile siukubali. Ndugu mwandishi amewaambia wenye kampuni za utalii wanunue kile kifaa cha msuguano kinachofungwa kati ya gari na tela ili kupunguza kuyumba, kisha wawakanye madereva wapunguze mwendo. Kuhusu mwendo yuko sahihi. Kifaa, kikifungwa kwenye tela lililopakiwa vibaya, kinaficha ugonjwa. Dereva hatahisi dalili yoyote akiwa kwenye kilomita 70 kwa saa. Siku atakayofika 90 kwenye mteremko, tela litayumba kwa nguvu ambazo kifaa hakiziwezi.

Mimi ni fundi wa springi na chesisi hapa Arusha. Nikiletewa tela na kuambiwa "linatupa mkia", huuliza kwanza nani amelipakia. Mara nyingi ni mpishi na wasaidizi wake, nao hupanga kwa akili ya jikoni: kitakachohitajika kwanza kambini kikae mlangoni. Mlango wa matela mengi uko nyuma. Kwa hiyo madumu ya maji, kreti za soda na mitungi ya gesi hurundikana nyuma ya ekseli (chuma kinachobeba magurudumu), huku magodoro na mito vikisukumwa mbele. Siwalaumu, hakuna aliyewaeleza.

Tufanye hesabu. Tela la kilo 1,200 limelalia gari kwa upande wake wa mbele kwa kilo 120, yaani asilimia 10 ya uzito wake. Ongeza madumu 5 ya lita 20 mlangoni, mita 2 nyuma ya ekseli. Ikiwa kutoka ekseli hadi mpira wa kukokotea (kile kichwa cha chuma cha duara nyuma ya gari kinachoshika tela) ni mita 4, zile kilo 100 zinanyanyua upande wa mbele kwa kilo 50. Sasa tela lina kilo 1,300 na linalilalia gari kwa kilo 70 tu, asilimia 5 na kidogo. Kwa macho hutaona tofauti yoyote, lakini tela likiwa jepesi mbele huyumba kwa urahisi. Amerika Kaskazini, ambako familia nyingi huvuta nyumba za magurudumu, kipimo kinachofuatwa ni asilimia 10 hadi 15. Ulaya huridhika na chini ya hapo, ila mwendo wao una mipaka: Ujerumani gari lenye tela ni kilomita 80 kwa saa, 100 kwa kibali maalumu. Sisi tumechukua wepesi wa mbele wa Ulaya na mwendo usio na kibali.

Tena matela haya hayapimwi na mtu. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 ya kudhibiti uzito wa magari inahusu magari ya tani 3.5 kwenda juu, hivyo malori yanapopanga foleni kwenye mizani, Land Cruiser yenye tela inapita zake. Lakini mizani ya kupimia magunia iko katika kila soko, nayo inatosha kabisa. Simamisha tela likiwa na mzigo wote mahali palipo sawa, weka mawe kwenye magurudumu, lifungue kwenye gari, kisha lilaze upande wa mbele juu ya gogo lililosimamishwa kwenye mizani, kwa kimo kilekile linachokaa likiwa limefungwa. Soma namba. Hata chai haitapoa.

Uzito ukishajulikana, ndipo tutafute mengine. Tela linaloanza kuyumba likifika mwendo fulani, na kila mpigo unakuwa mkubwa kuliko uliotangulia, shida yake karibu kila mara ni mzigo. Likisukumwa na upepo wa basi linalopita kisha likatulia lenyewe, halina neno. Likiendelea kupiga huku na huku kwa muda, limekaribia kikomo chake. Linaloyumba hata kwenye mwendo mdogo, kagua beringi, boliti za springi na tairi zenye upepo pungufu, bila kusahau tairi za nyuma za gari lenyewe. Linalovuta upande mmoja tu, pima kama ekseli imekaa pinda, na sogeza mkono karibu na rimu usikie kama kuna joto la breki iliyong'ang'ania. Kudunda mbele na nyuma baada ya tuta ni kitu kingine, na dawa yake iko kwenye springi na shokapu. Lakini badilisha kitu kimoja kwa wakati. Wengine hubadilisha vitano kwa siku moja, tela likatulia, na hawajui kilichowaponya.

Kuna jambo ambalo makala haikuligusa kabisa, nalo ndilo linalonisumbua zaidi. Tela hurudi likiwa tofauti na lilivyokwenda. Lenye tangi la maji mbele huondoka Arusha likiwa sawa. Baada ya siku kadhaa za Serengeti tangi ni tupu, chupa na takataka zimefungwa nyuma, na rasta (yale mawimbi ya barabara ya vumbi) zimesogeza masanduku na kulegeza boliti. Hapo ndipo dereva aliyechoka anateremka ukuta wa Bonde la Ufa kutoka Karatu kwenda Mto wa Mbu, tela likimsukuma. Ni sehemu mbaya kuliko zote kwa tela lililo jepesi mbele.

Na hapo ndipo anapokumbuka ushauri wa vijiweni: "kanyaga mafuta lijinyooshe". Naomba mlichapishe hili kwa herufi nene: msikanyage. Kuyumba hukua pamoja na mwendo, na mtelemko unaongeza mwendo bila kuombwa. Achia mafuta taratibu, shika usukani unyooke bila kulifukuza tela, usibane breki ya gari ghafla. Kama tela lina breki za umeme zenye swichi ya mkono, tumia hizo peke yake.

Ninaowaandikia hasa ni wenye kampuni. Tela likipinduka, dereva ndiye anayeandikwa kwamba alikimbia. Nunueni mizani. Uzito unaolalia gari uandikwe kwenye karatasi ya safari, wakati wa kuondoka na wakati wa kuvunja kambi, mpishi na dereva wakiwa pamoja. Na dereva apewe ruhusa, kwa maandishi, ya kukataa kuwasha gari mpaka mzigo upangwe upya, hata kama wageni wameshakaa kwenye viti.

Fundi wa matela,
Arusha