Salamu za Krismasi na Mwaka Mpya, pamoja na Neno la Seneca

Wazee wetu, shikamooni. Ndugu, jamaa na marafiki, kama ilivyo desturi nawaletea salamu za Krismasi na kuwatakia Mwaka Mpya wenye heri, afya njema na baraka tele. Mlioko njiani kwenda Moshi, Rombo na Marangu, Mungu awafikishe salama. Mliobaki Dar kwa sababu nauli imegoma kuingia kwenye bajeti, msione haya. Mwaka umekuwa mgumu, mchele na mafuta ya kula vimepanda, na Januari inakuja na ada, sare na kodi ya nyumba kwa mpigo.

Kwetu mwaka huu Baba Mkubwa hayupo. Nyama itagawiwa na mtu mwingine, na sidhani kama atajua nani hupewa kipande gani.

Desemba ya Roma ya kale ilikuwa na pilikapilika kama hii yetu. Sikukuu ya Saturnalia ilianza tarehe 17, na Seneca, mwanafalsafa wa Kirumi, katika barua ya 18 kwa rafiki yake Lucilius, anasema mji mzima unatoka jasho kwa maandalizi. Hakumkataza rafiki yake kusherehekea. Alimtaka asherehekee bila kupitiliza. Kisha akamshauri atenge siku kadhaa za kula chakula duni kabisa na kuvaa nguo ya kukwaruza, huku akijiuliza: hiki ndicho nilichokuwa nakiogopa? Alitaja siku 3 au 4 mfululizo, na mara nyingine zaidi. Kwetu hiyo ni ugali na mchicha usioungwa, chai kavu, na kwenda kwa miguu pale ulipozoea kupanda bodaboda.

Wengi huliharibu zoezi hili kwa kulifanya siku moja tu. Siku moja ni mchezo, kwa maana ugeni wenyewe unakuchangamsha. Kuanzia siku ya 2 na ya 3 ndipo unapogundua kwamba kinacholia ni mazoea zaidi kuliko tumbo. Wengine hulitangaza kwenye kundi la familia. Seneca alishaliona hilo: usijisifu, maelfu ya watumwa na maskini wanaishi hivyo kila siku. Halafu kuna suala la wakati. Lifanye kati ya tarehe 27 na 30, pilau ingali ipo jikoni, kwa kuwa mazoezi yanatokana na kuchagua. Ukingoja katikati ya Januari, hilo si zoezi tena, ni njaa. Punguza sahani yako mwenyewe, si ya watoto, na mwenye kisukari au vidonda vya tumbo asijaribu.

Kuhusu kifo, mwalimu wangu ni Epictetus, mwanafalsafa mwingine wa kale, aliyezaliwa mtumwa na kuishi na mguu mlemavu. Yeye anaanzia kwenye chombo. Kama unapenda mtungi fulani, jiambie kwamba unapenda mtungi, na mitungi huvunjika. Kisha panda taratibu hadi kwa mtoto au mke unayembusu, ukikumbuka kwamba naye ni binadamu wa kufa. Watu huruka hatua ya kwanza, wanaanza na mtoto, usiku hawalali, kisha wanasema falsafa hii ni ya kikatili. Anza na simu, kikombe, gari. Na hayo husemwa kimoyomoyo, wala si mezani mbele ya bibi wa miaka 80!

Seneca mwenyewe aliteleza hapa. Rafiki yake Serenus, aliyekuwa mdogo kwake kwa umri, alipofariki, alimlilia kupita kiasi, na katika barua ya 63 anataja sababu: hakuwahi kufikiri kwamba Serenus angeweza kumtangulia. Hakusema tusilie. Alisema machozi ni halali, kuomboleza kusiko na kipimo ndiko kusikofaa. Kwa hiyo wanaodai Wastoiki, yaani wanafalsafa wa mkondo wa Seneca na Epictetus, walikuwa na mioyo ya mawe hawajawasoma.

Usiku, taa ikishazimwa na mkeo akinyamaza (ndivyo Seneca alivyofanya), jiulize mambo matatu: leo nimetibu ubaya gani wangu, nimepinga kasoro gani, nimekuwa bora kwa lipi? Pitia siku kuanzia asubuhi, kwa dakika chache. Ukikuta kosa, jibu lake ni kwamba usirudie, kwa leo nimekusamehe. Bila msamaha huo zoezi linageuka kuwa kujichapa, na baada ya wiki moja utaliacha.

Basi jamani, tusidanganyane. Tunasema "Mungu akipenda" kila tukiagana, kisha tunapanga kama tuliokwishapewa hati ya miaka mia. Mdogo wako mliyegombana kwa ajili ya mpaka wa shamba, mpigie leo, kabla ya mkesha. Andika wosia mbele ya mashahidi wasio warithi, na umweleze mtu unapouweka. Madeni yako yaorodheshe kwenye karatasi. Basi likichelewa, kukata tiketi mapema kulikuwa kazi yako, foleni ya Chalinze si yako. Mzee akirudia hadithi ile ile mezani, msikilize hadi mwisho, usimkatishe kwa kuangalia simu. Watoto wakiuliza marehemu alikuwa mtu wa namna gani, waambieni, msibadilishe mazungumzo.

Kwa niaba ya familia yangu, nawatakia nyote Krismasi njema na Mwaka Mpya wenye amani na mafanikio. Wagonjwa wapate nafuu, wafiwa wafarijiwe, wasafiri warudi salama kazini. Amina.