Mawakala wa Dubai, tupeni vimo vya watoto kabla ya bei

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua niseme na mawakala wa safari wanaotangaza "Dubai ya familia" humu gazetini na kwenye magrupu ya WhatsApp. Mimi ni fundi seremala, karakana yangu iko Keko. Nina watoto watatu: wa kwanza ana miaka saba, wa pili mitano, na kitinda mimba anatimiza miwili mwezi wa kumi na moja. Mwaka huu mimi na mama yao tumekubaliana kuvunja kibubu tuwapeleke kwenye mabembea makubwa ya ng'ambo. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kutoka nje ya nchi. Bado hatujaenda, tunapanga, na katika kupanga huko nimeona mambo ambayo hayapaswi kunyamaziwa.

Tangazo lililotuamsha lilikuwa na picha ya kasri la rangi ya waridi lenye minara, na chini yake: "Dubai siku 4, watoto wafurahi." Binti yangu wa pili aliliona kwenye simu ya mama yake, na tangu hapo kila godoro mle ndani ni kasri. Nikafuatilia. Kasri lile liko Ufaransa, Disneyland Paris, nje kidogo ya jiji upande wa mashariki, na watu wanaingia pale tangu 1992. Dubai Disneyland haipo. Hao jamaa wa Disney wana viwanja Marekani, California tangu 1955 na Florida tangu 1971, kisha Tokyo, Paris, Hong Kong na Shanghai. Mei 2025 walitangaza kwamba kingine kitajengwa Abu Dhabi, kwenye kisiwa cha Yas, lakini bembea ya tangazo haipandwi. Nilipompigia wakala akanijibu, "Mzee wangu, hiyo ni picha tu." Basi na mimi ningempa picha ya noti nione kama angenikatia tiketi.

Nikaomba ratiba. Siku ya kwanza kutua na kupumzika hotelini Deira, mtaa wa biashara wa Dubai. Ya pili kuzungushwa mjini. Ya tatu manunuzi. Ya nne uwanja wa ndege. Kiwanja cha watoto kimeandikwa mwishoni kwa herufi ndogo: "kwa hiari na kwa gharama za mteja." Ukiisoma vizuri, hiyo ni safari ya mfanyabiashara wa Kariakoo anayefuata mzigo, iliyobandikwa bembea juu yake. Sina ubaya na wafanyabiashara. Shemeji yangu anafanya kazi huko huko Deira kwenye ofisi ya kusafirisha mizigo, na kwa mtu wa mizigo Deira ndipo penyewe. Ila Legoland, ambacho ndicho kiwanja cha watoto wa umri wa wangu, kiko upande wa pili kabisa wa jiji, kupita Jebel Ali kuelekea Abu Dhabi, kama kilomita 50 kutoka hotelini. Metro ipo, ina behewa la wanawake na watoto na inasifiwa kwa usafi, lakini haikufikishi mlangoni. Sasa mtoto wa miaka miwili uliyemwamsha alfajiri, ukampakia treni, kisha basi au teksi, ukifika naye pale atakuwa anataka bembea au anataka kulala?

Kubwa lililonifanya niandike ni hili la vimo. Nyumbani kwangu fremu ya mlango wa chumba cha watoto niliipasua mwenyewe, mninga mtupu, na pembeni yake kuna mistari ya penseli yenye tarehe. Hiyo ndiyo iliyotupangia safari kuliko wakala yeyote. Viwanja hivi havimuulizi mtoto umri kwenye kila mchezo, vinampima. Mlangoni mwa bembea pamesimama kijana na mti wenye alama, mtoto anasogezwa, akipungua anarudishwa. Hakuna kubembelezana, kwa sababu kile chuma cha kumbana kifuani kimetengenezwa kwa mwili wa kipimo fulani. Vimo vinavyotajwa mara nyingi ni sentimita 90, 100, 120, 130 na 140. Mkubwa wangu ana 118. Wa pili ana 106. Kitinda mimba 84, tena akisimama wima, jambo ambalo halifanyi kwa hiari.

Chukua mfano wa Ferrari World ya Abu Dhabi, iliyofunguliwa 2010. Ndiyo yenye kile kigari cha reli kinachofika kilomita 240 kwa saa, wapandaji wakavishwa na miwani ya kuzuia upepo. Nimekiona kwenye matangazo matatu ya "familia". Katika familia yangu wa kukipanda ni mimi na mama watoto, na mama watoto ameshasema hapandi. Kwa maana hiyo ningelipia watu watano ili apande mmoja. Tena baadhi ya viwanja hupanga hata bei ya kiingilio kwa kimo cha mtoto. Wakala aliyenipa bei ya "mtoto" bila kuniuliza wanangu wana urefu gani, alikuwa anahesabu nini?

Sisemi sentimita mbili za mkubwa zimetushinda. Mtoto wa umri huo hurefuka kama sentimita tano au sita kwa mwaka, kwa hiyo huenda Desemba akawa amevuka 120. Ananijia kila Jumapili na futi kamba mkononi. Amejaribu pia kuvaa viatu vya mama yake vya soli nene.

Ndiyo maana tukaangukia Legoland. Kimetengenezwa kwa watoto wa miaka miwili hadi 12, kimekuwapo Dubai tangu 2016, na kina sehemu ya vitoto vidogo kabisa. Kilichotupatia jibu hasa ni shule yao ya udereva: wa miaka sita kwenda juu wanaendesha vigari kwenye barabara yenye taa na vibao, wa mitatu hadi mitano wana uwanja wao mdogo, na wakimaliza wanapewa leseni. Wangu wawili wataendesha, kila mmoja kwake, bila ugomvi. Mimi nina haja yangu binafsi pale, niiseme tu. Kampuni ya Lego ilianzishwa na seremala, Ole Kirk Christiansen, huko Billund nchini Denmark mwaka 1932, akichonga midoli ya mbao. Matofali ya plastiki yalikuja baadaye. Ndani ya jumba lenye kipupwe pale Dubai wameijenga Burj Khalifa kwa matofali hayo, urefu kama mita 17. Seremala wa Keko hawezi kupita bila kuitazama.

Mama watoto yeye alitaka IMG, kiwanja kingine cha Dubai, kwa sababu chote kiko chini ya paa, jua halimfikii mtoto. Hoja yake ina uzito, na kama tungesafiri mwezi wa sita ningemkubalia bila mjadala. Wakala hakutwambia kwamba likizo ya shule zetu ya Juni na Julai inaangukia wakati ambao Dubai joto linapita nyuzi 40, na bembea za nje zinakuwa kama vikaango. Bei ya hoteli miezi hiyo hushuka kwa sababu hiyo hiyo, na ndiyo maana matangazo ya "ofa ya Juni" yamejaa. Desemba mchana ni kama nyuzi 26, usiku unatafuta sweta. Lakini na Desemba ina mitego yake: tarehe 2 na 3 ni sikukuu yao ya taifa, watu wanajaa, na wiki ya Krismasi bei inapaa. Dirisha letu ni hapo katikati. Na tangu Januari 2022 wikiendi yao ni Jumamosi na Jumapili, kwa hiyo sisi kiwanjani tutakwenda Jumanne au Jumatano. Nimemwambia hivyo mama watoto, naye akasema, "Baba Sabra, kumbe unaweza kupanga kitu kisicho kabati."

Kabla ya kulipa chochote tuliwapima watoto na kwa njia nyingine. Tuliwapandisha treni ya SGR hadi Morogoro na kurudi siku ile ile. Ndege ya Dubai ni kama saa tano na nusu, treni ya Morogoro haifiki saa mbili, lakini ulikuwa mtihani tosha. Hadi Pugu kila mtu malaika. Soga kitinda mimba akaanza kuuvua mkanda wa mama yake, Ruvu akataka kutembea, na kuanzia Ngerengere nilikuwa nashika doria naye kwenye korido, abiria wakimpa biskuti. Wa pili alilala. Mkubwa aliuliza maswali mpaka kondakta akamkimbia. Tuliporudi tukaandika kwenye daftari: ndege ya mchana, si ya usiku wa manane, nguo za kubadilisha ziwe begi la mkononi, kigari cha kusukuma mtoto lazima, na kiwanja ni kimoja tu kwa siku mbili, kutoka saa nne asubuhi hadi saa nane, kisha hotelini kulala. Atakayeniuzia viwanja vitatu kwa siku nne hajawahi kulea.

Kuna jambo la tiketi ambalo linaweza kumtoa mtu jasho kaunta. Mtoto asiyetimiza miaka miwili hupakatwa na hulipiwa sehemu ndogo tu ya nauli. Akishatimiza, anataka kiti chake. Na kinachotazamwa ni safari nzima, pamoja na siku ya kurudi. Kitinda mimba wetu ni wa Novemba, sisi tunaondoka Desemba, ila wakala alituandikia bei ya mtoto wa kupakatwa. Tulipomwonyesha cheti cha kuzaliwa, bei ikapanda. Hiyo ndiyo bei ya kweli, na ilipaswa kuandikwa tangu mwanzo.

Mengine nayapitia haraka. Kila mtoto awe na pasipoti yake na viza yake. Viza ya utalii ya Falme za Kiarabu, nchi yenye Dubai na Abu Dhabi, huombwa kupitia shirika la ndege, hoteli au wakala, kwa hiyo ulizeni ni nani anayewaombea. Dirhamu, fedha yao, imefungwa kwenye dola, 3.67 kwa dola moja, msikubali hesabu nyingine. Hotelini kuna ada ya utalii, dirhamu 7 hadi 20 kwa chumba kwa usiku kulingana na daraja la hoteli, ambayo kwa kawaida haimo kwenye pakeji. Dawa za kikohozi zenye kodeini, ambazo kwetu watu hubeba bila kufikiri, kule ni dawa za kudhibitiwa. Acheni nyumbani au fuateni utaratibu wa kibali. Na kwenye gari, sheria yao tangu 2017 inataka mtoto wa hadi miaka minne awe na kiti chake, na mbele asikae aliye chini ya miaka 10 au chini ya sentimita 145. Hata huko barabarani, Mhariri, ni futi kamba tu.

Najua wapo watakaosema mtoto wa miaka mitano atasahau yote, heri hela hizo ziende Mikumi au zijengee ukuta. Mikumi tumekwenda, twiga tumewaona, na ukuta upo. Hela ni ya kazi ya mikono yangu na ya mama lishe mmoja hodari, haikukopwa. Aliyejichanga ana haki ya kuuziwa kitu alichoonyeshwa.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo. Kabla hujapokea tangazo la safari ya familia, mtake wakala aandike mambo manne: jina la kiwanja chenyewe, umbali wake kutoka hotelini, kama bembea ziko ndani au juani, na vimo vinavyotakiwa. Picha ya kasri la Ufaransa mrudishie mwenyewe.

Na nyie mawakala, sisi tiketi hatujakata. Mwenye hoteli ya huko Jebel Ali na orodha ya vimo mkononi aiweke gazetini. Mimi gazeti hili nalinunua kila Jumamosi pale kwenye kona ya Chang'ombe, na Desemba haiko mbali.

Baba Sabra,
Fundi seremala, Keko,
Dar es Salaam