Barua kwa mwanangu: Wakikuuliza mbona umehamahama kazi

Mwanangu mpendwa,

Kazi nne ndani ya miaka mitatu si aibu. Mwajiri anachoogopa ni kukufundisha kazi, ukishaizoea umwachie pengo baada ya miezi mitano. Jibu hofu hiyo.

Anzia kwenye wasifu wako. Kila kazi iandikie mwezi, mwaka na aina ya mkataba: "Karani wa stoo, Machi–Agosti 2023, mkataba wa miezi 6, mradi ulikamilika." Hapo umeshajibu nusu ya maswali kabla hujaitwa kwenye usaili. Mbili kati ya kazi zako zilikuwa za mkataba wa muda maalumu. Usipolisema hilo, msomaji atadhani ulitoroka. Vibarua vya wiki mbili tatu vikusanye chini ya kichwa kimoja, "Kazi za muda".

Usifute kazi uliyokaa muda mfupi, wala usivute tarehe ili kuziba pengo. Taarifa ya michango yako ya NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii, inaonyesha nani alikuchangia na kwa miezi ipi. Ukiambiwa uilete, umeumbuka. Hata simu moja kwa mdhamini wako inatosha kukuumbua.

Kwenye usaili, kila kazi ipe sentensi moja, mbili zikizidi. Ile uliyoacha kwa sababu ya mishahara ndiyo ngumu, maana uchungu bado unao. Sema hivi: "Mishahara ilichelewa miezi mitatu mfululizo, nikatoa notisi ya siku 28, nikakabidhi stoo kwa maandishi." Kisha nyamaza. Ukianza kumsema bosi wa zamani, anayekusaili atajiona yeye ndiye atakayesemwa kesho. Hilo la makabidhiano usilisahau hata kidogo, kwani ndilo linaloonyesha kwamba huondoki ukiacha watu kwenye matatizo.

Nenda na karatasi zako. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004, kifungu cha 44, inamtaka mwajiri akupe cheti cha utumishi mkataba unapokoma. Wengi hawaombi. Kwa zile kazi mbili ambazo hukupewa, andika barua leo, taja cheo chako na tarehe za kuanza na kumaliza, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa mapokezi. Ile kampuni iliyopunguza wafanyakazi ilikupa barua; itoe nakala uiweke pamoja na vyeti.

Mwisho watakuuliza, "Kwetu utakaa?" Usiape. Waonyeshe kwamba kote ulikopita ulishika stoo: kupokea mzigo, kuhesabu, kulinganisha leja na kilichopo. Halafu waulize wao mkataba ni wa muda gani na kipindi cha majaribio ni miezi mingapi. Anayepanga kuondoka mapema haulizi hayo.

Nipigie Jumamosi jioni tufanye mazoezi ya lile jibu la mishahara. Ndilo unalolirefusha.

Mzazi wako