Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Mwaka wa Vikombe vya Mguu

Ndugu wanachama wenzangu, asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Tumsifu Yesu Kristo.

Kabla ya yote tumkumbuke Bibi yetu wa Kisarawe, aliyetutoka mwezi wa Ramadhani. Wengi wenu ni yeye aliyewashika mikono siku ya kwanza mlipogusa udongo. Hakuwahi kukaa kwenye gurudumu la kufinyangia hata mara moja. Mitungi yake aliijenga kwa mkono, akiisawazisha tumbo kwa gunzi la hindi, na bado mdomo ulitoka mviringo kana kwamba umepigwa kwa bikari. Naomba tusimame dakika moja.

Ahsanteni. Tuketi.

Mambo ya hesabu mhazini atayasoma mwenyewe, na karatasi mnazo mikononi. Mimi nitasema tu kwamba ada zimekuja vizuri kuliko mwaka jana, pango la karakana limelipwa hadi Desemba, na lile gurudumu la tatu la umeme tulilochangia kwa muda mrefu limefika na linafanya kazi. Wanachama wapya ni tisa, sita kati yao kina mama. Karibuni sana. Muda wangu uliobaki nataka kuutumia kwenye jambo moja, vikombe vya mguu, yaani bakuli lililokaa juu ya shina, ambavyo wengine mnaviita bilauri za udongo, kwa sababu ndivyo vilivyotutia aibu mwaka huu na ndivyo vilivyotufundisha kazi.

Mnakumbuka mwezi wa Septemba mama mmoja alikuja karakana, binti yake anaolewa. Alitaka vikombe 40 vya mguu kwa ajili ya meza kuu. Plastiki hataki, kioo hataki, anataka udongo wa nyumbani. Tulifurahi, tukakubali siku hiyo hiyo. Tukavitengeneza kwa udongo wetu mwekundu tuliouzoea, tukavichoma kwa kuni kwa moto ule ule wa vyungu, tukavisugua nje mpaka vikang'aa. Vilipendeza, sitakataa.

Harusini nilikuwepo. Meza kuu walimiminiwa juisi ya ukwaju. Hata keki haijakatwa, kila kikombe kilikuwa kimeacha pete ya kahawia kwenye kitambaa cheupe. Nilimwona yule mama akipita nyuma ya viti, ananyanyua kikombe kimoja kimoja, anafuta chini kwa karatasi laini, huku anatabasamu ili wageni wasijue. Sura ile sijaisahau. Fedha zake tulimrudishia zote, na mimi na katibu tulikwenda nyumbani kwake kumwomba radhi kwa niaba yenu. Alitupokea vizuri, akatupa na chai.

Sababu naomba niieleze taratibu, maana yapo maneno kwamba fulani ndiye aliyeharibu. Tuliharibu sote, kwa mazoea. Wengi wetu tumekulia kwenye mtungi, na mtungi mzuri hutoka jasho. Udongo uliochomwa kwa moto mdogo hubaki na vitundu visivyoonekana kwa macho. Maji hupenya polepole hadi nje, upepo huyachukua, na yanapogeuka mvuke huondoka na joto. Ndiyo maana maji ya mtungini ni baridi hata mchana wa Januari. Sasa sifa hiyo hiyo tunayoitafuta kwenye mtungi ndiyo iliyomwaibisha mama wa watu. Tulikuwa tumefinyanga mitungi midogo 40, tukaiwekea miguu.

Tangu Oktoba kamati ya udongo haikulala. Jirani yetu hapa kuna kaolini ya Pugu, udongo mweupe unaovumilia moto mkali. Udongo wetu mwekundu wa bondeni una chuma kingi, na ukiupandishia moto huo peke yake huvimba na kulegea kama ugali uliozidi maji. Kamati ikawa inachanganya, mwekundu kidogo, mweupe mwingi, inakata vipande vya majaribio na kuviandika namba kwa msumari. Kipande kikitoka tanuri la umeme kinapimwa kwenye mizani ya jikoni, kinachemshwa, kinaachwa majini hadi kesho yake, kinafutwa, kinapimwa tena. Kilichozidi ni maji yaliyonyweka. Siku kipande namba 17 kiliporudi kwenye mizani na uzito ule ule kilioondoka nao, vijana walipiga vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Kipande kile kilikuwa kimepanda moto wa nyuzi zaidi ya 1,200 za Selsiasi. Hapo udongo huanza kushikana kama kioo, vitundu hufungana, na chombo huacha kutoka jasho.

Kulikuwa na adui mwingine ambaye hatukumtarajia. Baadhi ya vikombe vya awali vilikaa wiki mbili tatu kwenye rafu, vizima kabisa, kisha vikaanza kutoa vigaga, kipande kinadondoka chenyewe na ndani yake kuna punje nyeupe. Udongo wetu wa pwani una vijipande vya makombe na matumbawe. Motoni hugeuka chokaa, na chokaa ile hunyonya unyevu wa hewa, inavimba, inasukuma ukuta. Tangu siku hiyo udongo wote unalowekwa hadi uwe uji na kupitishwa kwenye chekeche ya matundu madogo. Najua ni kazi ya kuchosha mgongo. Naomba mtu yeyote asiikwepe.

Tuje kwenye gurudumu. Wapo vijana wetu walioamini kwamba fundi wa kweli hukitoa kikombe cha mguu kizima kizima, bakuli na shina kwa pamoja, bila kuunga. Nawaheshimu kwa kujaribu. Lakini Wagiriki wa kale, ambao vikombe vyao vya mvinyo vimejaa kwenye majumba ya makumbusho, walifinyanga bakuli peke yake na mguu peke yake, wakaviunga udongo ulipokakamaa. Kuunga ni sehemu ya ufundi. Na anayetaka kujua mkono wa binadamu unaweza kufika wapi, wafinyanzi wa Shandong kule China, zaidi ya miaka 4,000 iliyopita, walitengeneza kwenye gurudumu vikombe vyeusi vya shina ambavyo ukuta wake mwingine haufiki milimita moja. Mimi nikizitazama picha zake nashindwa kusema.

Njia tuliyoikubali karakana ni hii, na naiandika ili wapya waipate. Bakuli kwanza. Udongo uliokandwa vizuri, donge la kujaa kiganja, unapigwa katikati ya gurudumu na kubanwa mpaka uache kuyumba. Ukishafungua tundu katikati ya donge, pitisha kidole chini kutoka nje kuja ndani mara tatu nne, kwa kukandamiza. Asiyekandamiza chini atakuta ufa wenye umbo la herufi S siku ya kufungua tanuri. Kisha pandisha ukuta, na mdomo umalizie kwa kipande cha ngozi laini iliyolowa, maana hapo ndipo midomo ya watu itagusa. Shina linatolewa kwenye donge kubwa. Unafanyia kazi kilele chake tu, unafungua tundu, unalikaba kwa vidole vya mikono yote miwili huku gurudumu likienda polepole, na lile pana linalobaki juu ndilo mguu, kwa sababu shina hufinyangwa kichwa chini. Unakata kwa uzi wa mshipi, unaendelea na la pili kwenye donge lile lile. Mguu uwe na upana unaokaribia ule wa bakuli. Vikombe vyetu vya Desemba vilikuwa na shina jembamba na refu kwa kupenda madoido, na moto mkali ulipofika, udongo ukalegea kidogo, vyote vikainama upande mmoja.

Kwenye kuunga ndipo tulipopoteza vingi zaidi. Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji, na kwa kufinyanga ni kweli tupu. Kwa kuunga, vipande vyote viwili viwe vimekakamaa sawasawa, mfano wa mche wa sabuni ya kufulia: ukucha unaingia, lakini umbo halibonyei. Tulikuwa tunafinyanga mabakuli Jumatatu na mashina Jumatano, tunaunga Alhamisi. Bakuli limeshasinyaa, shina bado linasinyaa, na mahali yanapokutana panapasuka. Katika tanuri moja la Novemba tulipakia vikombe 31, vikatoka vizima 12. Siku hizi vyote viwili hufinyangwa siku moja, hulala pamoja usiku chini ya vipande vya kanga kuukuu vilivyolowekwa na kukamuliwa, na asubuhi yake vinaungwa. Kwaruza pande zote mbili, paka uji wa udongo wenye matone ya siki, bana, zungusha gurudumu utazame kama bakuli linacheza, rekebisha, kisha rudisha chini ya kanga kwa siku mbili nyingine. Tanuri la Mei lilikuwa na vikombe 36. Kilichovunjika ni kimoja, na hicho kiliangushwa na mkono.

Mzee wetu wa tanuri ananituma niseme pia kuhusu subira. Usipandishe moto kupita joto la maji kuchemka kabla vyombo havijakauka hadi ndani ya shina. Shika kioo kidogo mbele ya tundu la tanuri, na kikipata ukungu, subiri. Na wakati wa kupoa asifungue mtu kwa hamu ya kuona. Karibu na nyuzi 573 chembe za mchanga ndani ya udongo hubadilika ukubwa ghafla, na upepo wa mlangoni hapo hapo hupasua kikombe kizuri. Jambo jingine la tanuri: umeme wa LUKU unanunuliwa wa kutosha kabla ya kuwasha. Ule usiku wa Machi, uniti zilipoisha saa nane na sisi tumelala, usijirudie.

Sasa la glezi, ule utando wa kioo tunaoupaka, na hapa nasema kama mama. Mwezi wa Aprili mwenzetu alileta unga usio na jina, bei ya chini, akasema unang'aa kwa moto mdogo na hakuna haja ya kuhangaika na nyuzi 1,200. Kwa kweli unang'aa. Glezi nyingi za namna hiyo hung'aa kwa sababu ya risasi, yaani madini ya ledi, ambayo juisi ya ukwaju, ndimu au rozela huyayeyusha na kuyaingiza kwenye kinywaji. Ledi huharibu ubongo wa mtoto, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama. Mwenzetu hakuwa na nia mbaya na unga ule tumeuweka kando. Lakini kamati kuu inaleta kwenu azimio: unga usio na maelezo ya kilichomo hauingii karakana, na kikombe ambacho hakijawekewa maji usiku kucha juu ya karatasi kavu hakitoki. Nawaomba mlipitishe kwa mikono yote. Chungu cha maua kikivuja, kinalowesha dirisha. Kikombe mtu anakipeleka mdomoni, na anaamini.

Oda zimeanza kurudi. Usharika mmoja wa Kilutheri umechukua vikombe vinne vya Meza ya Bwana. Parokia moja ya Kikatoliki nayo iliuliza, na paroko mwenyewe akatufafanulia kwamba maelekezo ya Roma ya mwaka 2004 hayaruhusu vyombo vya udongo kwa damu ya Kristo, kwa kuwa huvunjika kwa urahisi. Tulimshukuru kwa uwazi wake, na akaondoka na vyombo vya maua ya altare.

Kuna neno limekuwa likizunguka, kwamba gurudumu ni la wasomi na vijana wa kiume, na kufinyanga kwa mkono ni kwa kina mama wasiojua. Silikubali. Wanawake wa Kikisi wa Ziwa Nyasa, wale ambao vyungu vyao huuzwa sokoni Matema, hawatumii gurudumu na kuta zao ni nyembamba kuliko zetu. Ladi Kwali wa Nigeria alijenga mitungi kwa mkono, na leo picha yake iko kwenye noti ya naira 20. Magdalene Odundo, mzaliwa wa Nairobi wa mwaka 1950, alisomea Uingereza ambako magurudumu hayakosekani, akajifunza pia Abuja, na akachagua kujenga kwa mkono. Kwa hiyo kuanzia mwezi ujao kila Jumanne kina mama watafundishana kujenga kwa mkono na vijana watahudhuria, na kila Alhamisi magurudumu mawili yatakuwa ya kina mama peke yao hadi saa nane mchana.

Na tafadhali, karakana isifagiliwe kavu. Vumbi la udongo lina mchanga laini unaokaa kwenye mapafu na hautoki. Pigeni deki.

Wiki iliyopita yule mama wa harusi alipita. Binti yake amejifungua, anataka vikombe 20 kwa ajili ya arobaini ya mtoto. Nilimwekea kimoja mezani, nikajaza maji, nikaweka karatasi chini, tukazungumza karibu saa nzima. Alipokinyanyua, akapapasa karatasi kwa kiganja, akaandika oda. Tanuri lake linapakiwa Jumamosi saa moja asubuhi. Mwenye vikombe avilete Ijumaa jioni vikiwa vikavu, na chini ya kila mguu awe amechora alama yake.

Mwenyekiti