Shosti, hizo namba zisikutishe

Shosti wangu,

Habari za huko, wanao hawajambo? Huku tupo, joto tu la Dar unalijua. Nimeziona zile skrinishoti zako za Google Scholar, ile tovuti ya kutafuta pepa za utafiti, yule profesa mwenye sitesheni (yaani mara ambazo pepa zake zimenukuliwa na wengine) nyingi mpaka unaogopa kumwandikia imeili na yule mwenzie mwenye robo yake, na unataka nikuambie umwombe nani akusimamie PhD. Jibu la haraka sina, ila naweza kukuambia mimi ningeangalia nini.

Hiyo h-indeksi unayoililia ililetwa na mwanafizikia wa California, Jorge Hirsch, mwaka 2005. Hesabu yake nyepesi, mtu akiwa na 20 maana yake ana pepa 20 ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara 20, basi, haijali kama aliisotea miaka mitano au jina lake limechomekwa tu katikati. Na kwenye jenetiki, hii fani yetu ya urithi, hapo ndo pana mchezo. Ile pepa ya jenomu ya binadamu, yaani DNA yake yote, ya 2001 kwenye jarida la Nature ina majina mamia, na Google Scholar hagawi, kila mmoja anapewa sitesheni zote nzima nzima. Kwahiyo ukikuta profesa ana namba kubwa fungua zile pepa zake za juu kabisa uone jina lake limekaa wapi. Kwetu kwenye jenetiki jina la kwanza ndo kawaida kafanya kazi, wa mwisho ndo mwenye maabara, wa katikati inategemea.

Mchukue Sarah Tishkoff, mwanajenetiki wa Marekani, huyu nampenda nakubali. Pepa yake ya 2007 kwenye Nature Genetics, ya maziwa, naamini uliipitia hata kama ulikuwa unasinzia darasani. Watu 470 wa makabila 43 ya Tanzania, Kenya na Sudan, wanapewa laktosi, ile sukari ya maziwa, wanywe halafu sukari ya damu inapimwa kwa muda wa kama saa nzima kuona kama inapanda, ikipanda ujue tumbo limeimeng'enya, na huko porini umeme hakuna, mashine ya kuzungushia damu inachomekwa kwenye betri ya gari. Wakakuta wafugaji wetu wana badiliko lao kabisa kwenye DNA, pale nafasi ya 14010 herufi G imekuwa C, wakati la Wazungu liko 13910 na lilishajulikana tangu 2002 kwa kazi ya Finland. Yaani uwezo wa mtu mzima kunywa maziwa tumbo lisimvuruge ulizuka huku na kule, kila upande kivyake, na huu wa kwetu una kama miaka elfu 3 mpaka 7 tu. Ndo maana inanukuliwa na kila mtu, wa lishe, wa akiolojia, wa historia ya ufugaji, sio wanajenetiki peke yao. Na kwenye hiyo jina lake ni la kwanza. Ile ya 2009 kwenye Science, ya makundi 121 ya Waafrika, yeye tena kaanza.

Sasa shuka kwenye orodha hiyohiyo ya 2007 utamkuta Godfrey Lema na Thomas Nyambo wa Muhimbili, katikati huko. Mimi hapo huwa nakasirika kidogo, sio kwa Tishkoff, kwa mfumo. Kuongea na wazee wa kijiji, kusaka vibali, kumweleza mtu kwa Kiswahili kwanini unataka damu yake, bila hayo hakuna pepa, lakini kamati ya ajira ikiona uko wa kumi na kitu inakupita tu.

Halafu ujue pia sitesheni nyingi zinaenda kwa pepa za mbinu za kufanyia utafiti. Pepa ya Frederick Sanger ya 1977 ya kusoma DNA, Nature walipohesabu 2014 ilikuwa ya 4 kwa kunukuliwa duniani, zaidi ya mara elfu 60, na ile ya Watson na Crick ya 1953, iliyoonyesha umbo la DNA, hata kwenye 100 bora haikuwemo. Utasema haina maana? Sasa huyo profesa wako wa kwanza mbona naona pepa zake tatu za juu zote ni za programu ya kompyuta, sio mbaya, ila wewe unataka siko seli, ule ugonjwa wa selimundu, shosti, mtakutana wapi?

Fanya hivi, kwa kila mmoja toa pepa za miaka mitano hii ambazo yeye ni wa mwisho, angalia wa kwanza ni nani. Kama ni wanafunzi wake, na wa Kiafrika wamo, huyo anawasukuma watu mbele. Watafute hao wanafunzi uwaulize kama anajibu imeili na kama pepa zinatoka kabla hawajazeeka. Nitumie hiyo orodha Jumamosi usiku tuipitie kwa simu, mchana nna harusi.

Msalimie sana mama.

Wako mie wa siku zote