Barua ya wazi kwa watu wazima walio kazini wanaotafuta chuo wanachokimudu

Wadogo zangu na wanangu mlio kazini,

Salamu kwenu nyote. Kila msimu wa udahili unapokaribia, swali linalonijia kutoka kwenu ni lile lile: "Mzee, chuo gani kina ada nafuu?" Nimefanya kazi miaka mingi katika ofisi za udahili na usajili wa wanafunzi watu wazima, na bado swali hilo sina jibu lake, kwa sababu ada iliyoandikwa kwenye tangazo humweleza mtu gharama ya kuanza masomo, wala haimwelezi gharama ya kuyamaliza. Ninachotaka mkihesabu ni jumla itakayokuwa imewatoka siku mtakapokabidhiwa cheti, miaka itakayokuwa imepita, na kama kweli, kwa maisha mnayoishi sasa, siku hiyo mtaifikia. Mtu aliyelipa ada ndogo kwa mihula mitano kisha akaishia njiani bila karatasi yoyote mkononi amelipa fedha nyingi mno, hata kama kila risiti aliyonayo inaonyesha kiasi kidogo.

Kabla ya hesabu, hakikisheni kwamba mnachotaka kukinunua ni halali. Karibu kila nchi ina mamlaka ya serikali, au vyombo vinavyotambuliwa na serikali, vyenye orodha ya vyuo vilivyopewa ithibati. Nembo iliyobandikwa kwenye tangazo la chuo haithibitishi lolote. Itafuteni ninyi wenyewe orodha ya mamlaka, mlitazame jina la chuo, kisha mtazame jina la programu, maana chuo kinaweza kuwa halali kabisa huku programu yake mpya ikiwa haijaidhinishwa. Wauguzi, wahandisi, walimu, wanasheria na wahasibu wana mlango wa pili wa kubisha, yaani bodi ya taaluma yao, na huko waulize jambo moja mahususi: je, programu hii inatambuliwa hata inaposomwa kwa masafa, yaani ukiwa mbali na chuo, au jioni, na mafunzo kwa vitendo yatafanyika wapi? Na akitokea mtu wa kuwauzia shahada kwa malipo ya mara moja eti kwa kutambua uzoefu wenu wa maisha, hapo hakuna bei nafuu ya kujadili. Ondokeni.

Jiulizeni pia kama mnachokihitaji ni shahada. Wengi wenu mnasema shahada kwa sababu ndilo neno linalotajwa nyumbani na ofisini, ilhali cheo mnachokitamani kinadai stashahada, au mtihani wa bodi, au cheti cha miezi michache. Someni matangazo ya nafasi mnazozitaka, muone waajiri wanataja sifa gani hasa, na mkiweza muulizeni mtu ambaye tayari anayo nafasi hiyo. Jibu lake linaweza kuwaokolea miaka.

Sasa tuje kwenye muda, na hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu ndipo bajeti nyingi huvunjika bila mwenyewe kuelewa zimevunjikia wapi. Vyuo hupima masomo kwa krediti, na krediti ni saa za kazi za mwanafunzi, zikiwamo za darasani, za kusoma peke yake, za kuandika kazi na za kujiandaa kwa mitihani. Uingereza, krediti 1 hukadiriwa kuwa saa 10, na shahada ya kwanza ya daraja la heshima (honours) huwa na krediti 360. Hizo ni saa 3,600. Katika mfumo wa Ulaya unaojulikana kwa kifupi ECTS, mwaka mmoja wa masomo ya kutwa una krediti 60, kila moja saa 25 hadi 30, yaani kati ya saa 1,500 na 1,800 kwa mwaka. Mifumo mingine ina vipimo vyake, lakini mzigo haupungui kwa kubadilishiwa jina.

Chukueni kalamu. Mfanyakazi wa kutwa anayeweza kutenga saa 12 kwa wiki, kwa wiki 40 za mwaka, anapata saa 480. Gawanyeni 3,600 kwa 480, mtaona miaka saba na nusu. Akijibana mpaka saa 18 kwa wiki, anapata saa 720 kwa mwaka, na miaka inashuka hadi mitano. Open University ya Uingereza, iliyoanzishwa mwaka 1969 na ambayo tangu mwanzo imewafundisha watu wazima huku wakiendelea na kazi zao, huwaeleza wanafunzi kwamba krediti 60 kwa mwaka, mwendo wa kumaliza shahada kwa miaka sita, zinataka takriban saa 16 hadi 18 kwa wiki. Basi akija wakala wa chuo akawaahidi shahada ya namna hiyo kwa miaka mitatu bila kuathiri kazi, mwekeeni hesabu mezani: saa 1,200 kwa mwaka, saa 30 kila wiki juu ya kazi mliyo nayo. Wapo wanaoweza. Nimewaona, na wengi wao walikuwa na mwajiri aliyewapunguzia zamu au mwenzi aliyebeba nyumba nzima. Wengine waliojiandikisha kwa mwendo huo walishindwa wala si kwa uvivu. Walishindwa na hesabu ambayo hawakuwahi kuonyeshwa.

Kabla ya kujaza fomu, kwa hiyo, andikeni saa zenu kwa muda wa wiki mbili za kawaida, si wiki za likizo, muone ni ngapi zimebaki baada ya kazi, safari, watoto, wagonjwa, ibada na usingizi. Usingizi msiukate. Idadi mtakayoipata ndiyo itakayowaambia mchukue masomo mangapi kwa muhula, na idadi ya masomo ndiyo itakayowaambia ni mfumo upi wa malipo ulio nafuu kwenu.

Mifumo ya malipo haifanani, na tofauti yake ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Kuna vyuo vinavyotoza kwa kila somo, vingine kwa mwaka mzima, na vingine kiasi kimoja kwa muhula hata ukimaliza masomo mengi kiasi gani. Huko Marekani, Western Governors University, kilichoanzishwa mwaka 1997, hutumia mfumo huu wa mwisho kwa mihula ya miezi 6. Tuseme chuo cha kwanza kinatoza 1,000 kwa muhula, kwa fedha yoyote mnayoitumia, na cha pili kinatoza 150 kwa somo. Mwenye nafasi ya kumaliza masomo manane kwa muhula atalipa 125 kwa kila somo katika chuo cha kwanza, na hapo amefaidi. Mwenye nafasi ya masomo matatu atalipa zaidi ya 330 kwa kila somo katika chuo hicho hicho, zaidi ya maradufu ya kile cha pili. Tangazo ni moja, bei ni mbili, na kinachozitofautisha ni ile karatasi yenu ya saa. Ndiyo maana ushauri wa rafiki aliyesoma mahali fulani kwa unafuu hautoshi, isipokuwa rafiki huyo awe na ratiba kama yenu.

Njia ya haki ya kupunguza gharama, ambayo watu wazima huipita bila kuiona, ni kuuliza chuo kitatambua nini katika mlichokwisha kujifunza. Wale waliowahi kuanza chuo na kukatiza wanaweza kuwa na krediti zinazohamishika. Ombeni nakala rasmi ya matokeo yenu ya zamani, pamoja na maelezo ya masomo mliyofaulu. Wale waliojifunza kazini wanaweza kuomba utambuzi wa mafunzo ya awali, ambapo chuo hupokea jalada la ushahidi wa kazi mlizofanya, huwahoji au huwapa mtihani, kisha huamua ni masomo gani hamlazimiki kuyarudia. Hilo lina tathmini na lina kikomo, na hapo ndipo linapoachana na biashara ya shahada za kununua niliyoitaja juu. Ulizeni mambo matatu: kiwango cha juu cha krediti zinazokubaliwa, muda ambao krediti za zamani huisha nguvu, na ada ya kufanyiwa tathmini. Jambo la nne ndilo la muhimu kuliko yote: kwamba jibu mtapewa kwa maandishi kabla ya kulipa. Ahadi ya simu kutoka ofisi ya masoko haimfungi msajili; nilikuwa upande wa msajili, najua.

Maisha ya mtu mzima hukatizwa na uhamisho, uzazi, msiba au kampuni kupunguza watu. Hivyo someni kanuni za kuahirisha masomo kwa makini mnayosomea mkataba wa nyumba. Unaruhusiwa kuahirisha mihula mingapi? Unalipa chochote ukiwa nje? Ukirudi, utakuta ada ya zamani au mpya? Kuna ukomo wa miaka ya kumaliza tangu siku ya usajili? Ukijitoa wiki ya tatu ya muhula, unarejeshewa kiasi gani? Tazameni pia kama programu ina vituo vya kutokea, yaani kama mtu akimaliza mwaka wa kwanza anaweza kupewa cheti, na akiendelea apewe stashahada, ndipo ifuate shahada. Kwa mtu asiye na uhakika wa miaka sita ijayo, mimi ningechagua programu yenye vituo hivyo hata kama ada yake imezidi kidogo, kwa sababu kila hatua inabaki kuwa mali yake hata safari ikikatika.

Kuhusu gharama zisizotajwa kwenye tangazo sitasema mengi, maana zinajulikana: usajili, mitihani, mitihani ya marudio, maktaba, vitabu, intaneti, safari za kwenda kituo cha mtihani, mahafali. Dawa yake ni kumwomba mhasibu wa chuo orodha kamili ya tozo za programu nzima, kisha kumtafuta mwanafunzi wa mwaka wa mwisho na kumuuliza alilipa nini ambacho hakimo kwenye orodha. Hata neno "bure" lina orodha yake. University of the People, chuo cha mtandaoni kilichoanzishwa mwaka 2009, hakitozi karo ya kufundishwa, lakini kina ada ya maombi na ada ya tathmini kwa kila kozi, nacho hulisema hilo waziwazi, jambo ambalo vyuo vingi vingeiga ingekuwa heri. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Fungueni daftari la masomo siku mnayoomba nafasi, msingoje siku mnayoanza darasa.

Kama mwajiri atalipia, shukuruni, kisha msome mkataba. Waajiri wengine hulipa chuo moja kwa moja, na wengine hukurudishia fedha baada ya kufaulu, ambapo ni lazima uwe na fedha ya kutanguliza. Wengi huweka sharti la kubaki kazini kwa muda fulani, na ukiondoka mapema unadaiwa. Sharti hilo si baya, ila liingie kwenye hesabu, hasa kwa yule anayesoma kwa nia ya kuhama. Kama ni mkopo, msiangalie rejesho la mwezi peke yake, kwa sababu mkopeshaji anaweza kulifanya liwe dogo kwa kurefusha miaka. Ulizeni jumla yote mtakayokuwa mmeirejesha mwisho wa mkopo, riba ikiwamo, na muulize deni linakuwaje mtu akiacha masomo. Kwa kawaida deni hubaki pale pale, na ndiyo sababu mimi huwaambia wanaoweza kulipa kidogo kidogo kwa kila somo, hata kwa mwendo wa polepole, wafanye hivyo kuliko kukopa kwa ajili ya kukimbia.

Mwisho, jipimeni kabla ya kulipa. Tangu mwaka 2001, MIT, chuo kikuu cha teknolojia cha Marekani, kilipotangaza kwamba kitaweka vifaa vya masomo yake kwenye intaneti bila malipo, vyuo vingi vimefuata, na leo mtu anaweza kusoma hesabu, uhasibu au programu za kompyuta kwa wiki kadhaa bila kutoa chochote zaidi ya gharama ya intaneti. Chagueni somo moja linalofanana na mnalotaka kulisomea, mlifuate kwa wiki sita kwa saa zile zile mlizoziandika kwenye karatasi. Waambieni walio nyumbani kwamba saa hizo ni za masomo, muone kama nyumba inazistahimili. Wiki sita zikipita na saa zikawa zimetimia, ombeni nafasi. Zikiwa nusu, ombeni nafasi vilevile, ila chukueni nusu ya masomo, na rudieni ile hesabu ya muhula na somo kwa idadi hiyo mpya kabla ya kuchagua chuo.

Mlio tayari na barua za kukubaliwa na mna siku chache za kuthibitisha, iandikieni leo ofisi ya udahili mkiuliza kuhusu krediti, kuahirisha na kurejeshewa ada. Chuo kisichojibu maswali hayo kabla ya kupokea fedha, msikilipe.

Ni mimi mzee wenu.